Mchawi wa Miaka Kumi

"Shangazi, hii filamu imekatwa juu? Mbona watu wazima hawana vichwa?"

Binti wa kaka yangu alikuwa ameshaisimamisha picha, kidole bado kiko juu ya kitufe. Tulikuwa sebuleni kwangu Morogoro, mvua ya masika inapiga bati mpaka ikabidi tuifungulie kompyuta sauti yote. Kwenye skrini alisimama mwanamke. Gauni lake tuliliona, mikono yake tuliiona, maneno yake tuliyasoma kwa Kiingereza chini ya picha. Uso hatukupewa.

Nikamwambia aendelee, haijakatwa. Ndivyo Carlos Enrique Taboada alivyotaka. Katika Veneno para las hadas kamera imewekwa kimo cha mtoto, na mtoto mwenye jambo zito moyoni hupitwa na watu wazima kama nguo zinazotembea. Taboada ameficha sura ya karibu kila mtu mzima toka mwanzo hadi mwisho. Mmoja utamwona kuanzia shingo kwenda chini, mwingine kwa mgongo, mwingine kivuli chake tu mlangoni. Mara chache anapokuonesha uso uliokomaa, ni uso wa kukutisha. Nyuso anazokaa nazo, anazozitazama kwa subira kama mtu asomaye barua, ni za wasichana wawili wa miaka kama kumi.

Nimeitazama filamu hii mara nne sasa. Mara ya kwanza nilikuwa peke yangu, na ilipokwisha sikuweza kulala. Wala sikuogopa mizimu. Nilimkumbuka msichana mmoja wa Korogwe ambaye nilikuwa sijamtaja kwa mtu yeyote toka mwaka 1989. Nitafika kwake. Kwanza niieleze filamu, kwa sababu wasomaji wengi wa huku kwetu tumezoea kwamba picha ya kutisha ni ya Marekani, au ya Nigeria, au ya hapa nyumbani yenye mganga na kibuyu chekundu, na hatujui kwamba Meksiko nayo ina ufundi wake wa zamani wa kutisha watu.

Jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Sumu ya Kuulia Vichimbakazi. Hadas ni viumbe wa hadithi za Kizungu, wadogo, wazuri, wenye mabawa, wanaowatendea watu wema. Neno letu la karibu ni vichimbakazi, ingawa vyetu havina mabawa. Katika hadithi hizo hadas na wachawi ni maadui, na mchawi anayetaka kuishi salama lazima awapikie sumu. Kumbuka hilo la sumu.

Taboada alizaliwa jijini Mexico mwaka 1929, akafariki mwaka 1997. Aliandika na kuongoza mengi, lakini watu wanamkumbuka kwa filamu nne za kutisha. Hasta el viento tiene miedo ya mwaka 1968 inatokea katika shule ya bweni ya wasichana. El libro de piedra ya mwaka 1969 ni ya msichana aliyefanya urafiki na sanamu ya mawe ya mvulana bustanini. Más negro que la noche ya mwaka 1975 ni ya mabinti wanne wanaohamia kwenye nyumba ya urithi kwa sharti kwamba wamtunze paka mweusi wa marehemu. Katika zote tatu mzimu upo kweli. Ukikaa hadi mwisho utauona, au utaona ulichofanya. Ya nne ndiyo hii, iliyompa tuzo ya Ariel, tuzo kuu ya sinema ya Meksiko, ya filamu bora na ya mwongozaji bora mwaka 1986. Na ndani ya hii ya nne, mtu yule yule aliyetuonesha mizimu katika zile tatu, hakutuonesha hata mmoja tunaoweza kuuapia.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Verónica ni yatima. Anaishi katika nyumba kuukuu pamoja na bibi mgonjwa na yaya ambaye kazi yake nyingine, baada ya kupika na kufua, ni kumjaza hadithi za wachawi. Hana wazazi, hana midoli ya maana, hana wa kumtembelea. Ana hadithi tu. Siku moja shuleni anafika mwanafunzi mpya, Flavia, mtoto wa matajiri, mwenye baba na mama, nguo nzuri, mwanasesere mzuri na mbwa anayempenda. Flavia naye hana rafiki. Wanakaa pamoja, na Verónica, ambaye hana kitu cha kumpa mwenzake wala cha kujivunia mbele yake, anampa kile kimoja alicho nacho. Anamwambia: mimi ni mchawi.

Binti wa kaka yangu alicheka hapo. Ana miaka kumi na mitatu, anajiona ameshapita umri huo. Mimi sikucheka, maana niliijua ile sauti. Mtoto akisema uongo wa kawaida hutazama chini. Akisema uongo anaoutamani uwe kweli, hukutazama usoni.

Flavia haamini mara moja. Anauliza, anabisha, anataka kuoneshwa. Ndipo linapokuja suala la piano. Flavia anachukia masomo yake ya piano, na mwalimu wake, Madame Ricard, ni mzee. Verónica anamwambia kwamba hilo si tatizo, litashughulikiwa, ila lazima na yeye Flavia ashiriki. Wanafanya kafara yao ya kitoto. Muda si mrefu mwalimu anafariki.

Hapa ndipo filamu inaposhika njia yake, na hapa ndipo ninapomsifu Taboada kuliko mahali pengine popote. Mwalimu alikuwa mtu mzima sana, na watu wa umri wake hufa. Mtazamaji anajua. Verónica, ukimwangalia vizuri, naye amestuka: alitaka aaminiwe, hakutarajia kupata ushahidi. Lakini Flavia ameshatumbukia. Kuanzia siku hiyo anaamini mambo mawili kwa pamoja, kwamba rafiki yake anaweza kuua, na kwamba yeye mwenyewe ameua. La pili ndilo linalomfunga mdomo. Angekuwa anaogopa tu, angemwambia mama. Anayejiona mkosaji hasemi.

Ndoto mbaya zinaanza. Flavia anaona usiku vitu ambavyo mchana havipo, na kamera haituambii tuko ndani ya kichwa chake au ndani ya chumba. Verónica naye, baada ya kuonja utamu wa kuogopwa, anaanza kudai. Anadai mwanasesere, anapewa. Anadai achukuliwe likizo kwenye shamba kubwa la familia ya Flavia, anachukuliwa. Huko shambani wanakusanya vitu vya kupikia ile sumu: vyura, mijusi, nyoka, na vitu vya kwenda kuchukua makaburini. Ukiwatazama kwa mbali ungesema ni watoto wa mjini wanafurahia likizo. Wanakimbia, wanachafuka, wanachungulia mashimo. Kwa karibu, mmoja anacheza na mwenzake anatumikia kifungo.

Anayecheza nafasi ya Verónica ni Ana Patricia Rojo, aliyezaliwa mwaka 1974. Wapenzi wa tamthilia za Kimeksiko watamkumbuka ukubwani katika nafasi za wanawake wenye roho mbaya, kama Penélope wa María la del Barrio. Mimi niliyejua tamthilia kwanza na filamu hii baadaye nilitaka kumchukia toka dakika ya kwanza. Sikuweza. Anaamrisha na kutisha, halafu kwa nukta moja, anapodhani haangaliwi, uso wake unakuwa wa mtoto anayengoja kuitwa mezani nyumbani kwa watu. Elsa María Gutiérrez, aliye Flavia, ana kazi ngumu zaidi: kukaa kimya muda wote huku kitu kinaiva ndani yake bila sisi kukiona.

Mtu anayeijua Meksiko anaweza kuuliza, kwa haki, kwa nini uchawi wa filamu hii haufanani na wa Meksiko wenyewe. Nchi ile ina wa kwao. Vijijini watu husimulia juu ya nahual, mtu anayejigeuza mnyama usiku, jambo ambalo bibi zetu hawangehitaji kufafanuliwa. Wana curandera, mganga wa kike, anayempitishia mgonjwa yai mwili mzima ili kumwondolea jicho baya, na hilo la jicho mtu wa Pangani au Lamu analijua kwa jina. Jijini Mexico kuna soko la Sonora, lililofunguliwa mwaka 1957, ambako hadi leo unanunua majani ya dawa, mishumaa ya rangi kwa kila shida, na sanamu za Kifo Kitakatifu. Katika mji wa Catemaco, jimbo la Veracruz, waganga na wachawi hukutana kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi Machi, na wageni hulipa kuja kusafishwa.

Hakuna hata kimoja cha hivyo ndani ya Veneno para las hadas. Mchawi wa Verónica ni wa kitabuni: ajuza, chungu kinachochemka, usiku, paka. Amekuja kwa meli kutoka Ulaya. Nadhani Taboada aliliona hilo na kulikusudia. Verónica hajarithi uchawi wa mtu. Ameurithi toka kwenye masimulizi, na masimulizi yanatosha.

Yupo mtu mmoja aliyeligundua hilo zamani sana. Mwaka 1610, katika mji wa Logroño kaskazini mwa Hispania, Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa iliyowasaka waliodhaniwa kuipotosha imani, iliwachoma moto watu 6 wa eneo la kijiji cha Zugarramurdi kwa kosa la uchawi, pamoja na sanamu za wengine 5 waliokuwa wamekwisha kufa. Hofu ikasambaa milimani. Hakimu mmoja wa mahakama hiyo hiyo, Alonso de Salazar Frías, akatumwa mwaka 1611 kuzunguka vijijini na hati ya msamaha: atakayekiri, asamehewe. Walikuja watu 1,802 kukiri. Kati yao 1,384 walikuwa watoto, wasichana wa chini ya miaka 12 na wavulana wa chini ya miaka 14.

Rudia kuisoma hesabu hiyo. Watoto 1,384 walisimama mbele ya hakimu wakasema wamepaa usiku, wamecheza ngoma na shetani, wamekula visivyolika. Salazar hakuwapiga wala hakuwacheka. Aliwauliza maswali. Mlipita njia ipi? Mlikaa wapi? Mtu mwingine aliwaona? Akakuta wasichana wanaosema walikuwa ngomani usiku ule ule ambao watu wengine waliwaona wamelala vitandani mwao. Zile dawa na sumu za kichawi zilizoletwa kama ushahidi akawapa waganga wazichunguze na wanyama wazilambe. Hakuna mnyama aliyekufa, na baadhi ya waliozileta wakakiri kwamba wamezitengeneza wenyewe nyumbani, kwa kuwa walibanwa waoneshe kitu. Mwisho akaiandikia mamlaka yake kwamba hakupata hata jambo moja la kuthibitisha uchawi, na kwamba katika vijiji vile wachawi hawakuwapo mpaka watu walipoanza kuwazungumza na kuwaandika. Mwaka 1614 baraza kuu la Inkwizisheni likatoa masharti mapya yaliyodai ushahidi wa kweli, na moto wa wachawi ukazimika karibu kabisa katika himaya ya Hispania, wakati Ujerumani na nchi nyingine za Ulaya bado zikichoma.

Himaya hiyo ilifika Meksiko. Mahakama ya Inkwizisheni ilianzishwa jijini Mexico mwaka 1571, ikakaa hadi mwaka 1820, na jengo lake karibu na uwanja wa Santo Domingo siku hizi ni makumbusho ya tiba. Wenyeji wa asili hawakuwa chini ya mahakama hiyo. Waliofikishwa mbele yake kwa makosa ya uchawi walikuwa Wahispania, machotara na Waafrika, na majalada yaliyobaki yamejaa visa vidogo vya nyumbani: mwanamke aliyemtilia mumewe kitu ndani ya kinywaji cha chokoleti ili arudi, jirani aliyesikia jambo, mtumishi aliyeona jambo. Nikiyasoma mambo haya namwona Verónica akipita na mtungi wake wa vyura. Watoto wa mwaka 1611 nao walikuwa wamepewa hadithi na watu wazima, wakazirudisha kwa watu wazima, na watu wazima wakazipokea kana kwamba hawajawahi kuzisikia.

Turudi shambani. Sumu inakaribia kukamilika, na likizo inakaribia kwisha. Verónica amekwishachukua kila kitu isipokuwa kimoja, naye sasa anakitaka: mbwa. Anayejua kutawala hujua pa kusimama. Mtoto wa miaka kumi hajui. Flavia anakubali kama alivyokubali mengine yote. Halafu siku moja Verónica anaingia katika ghala la shambani, na Flavia anafunga mlango kwa nje. Sitaeleza kila kitu. Nitasema tu kwamba alifanya kile ambacho hadithi zote za Verónica zilisema mchawi hufanyiwa. Ghala linawaka. Verónica anaita. Na yule Flavia mwenye hofu kutwa kucha anasimama nje, mwanga wa moto unacheza usoni mwake, na uso umetulia kwa mara ya kwanza, na juu ya utulivu huo kuna tabasamu.

Wengi huliona hilo kuwa mwisho wa kushtukiza. Kwangu ndio mwisho pekee uliowezekana. Flavia alikuwa amefundishwa kwa wiki kadhaa kwamba rafiki yake si mtoto. Verónica mwenyewe ndiye aliyemfundisha, kwa bidii, siku hadi siku. Aliyeusimika uongo ndiye aliyeangamizwa nao ulipomgeukia.

Asidhani mtu kwamba ni mambo ya watoto peke yao. Meksiko hiyo hiyo, tarehe 14 Septemba 1968, wafanyakazi watano wa chuo kikuu cha Puebla walikwenda kupanda mlima La Malinche. Mvua ikawafungia njia, wakaomba malazi katika kijiji cha San Miguel Canoa. Padri wa hapo alikuwa amewajaza waumini hofu ya wakomunisti wanaokuja kuwanyang'anya imani. Kengele zikapigwa, watu wakatoka na mapanga na mienge, na kabla ya usiku kwisha wawili kati ya wale vijana walikuwa wameuawa, pamoja na mwenyeji aliyewafungulia mlango wake. Felipe Cazals alitengeneza filamu ya tukio hilo, Canoa, iliyotuzwa Berlin mwaka 1976. Ndani yake hakuna mchawi wala jini, na inatisha kwa njia moja na hii ya Taboada. Ukizitazama usiku mmoja hutalala, lakini utakuwa umeelewa.

Sasa Korogwe.

Nilikuwa darasa la tano. Dawati letu tulikaa watatu, na wa katikati alikuwa msichana aliyekuwa akiishi na bibi yake upande wa ng'ambo ya reli. Bibi aliuza vitumbua. Alikuwa na macho mekundu, kama wazee wengi wanaopikia kuni maisha yao yote ndani ya vibanda visivyo na madirisha. Mjukuu hakuwa na viatu, hakuwa na daftari la pili, na wenzetu walimcheka kwa harufu ya moshi iliyokaa kwenye sketi yake. Siku moja aliniambia, akiwa amenitazama usoni, kwamba usiku huwa anasafiri kwa ungo.

Nilimwamini. Nilimpa andazi langu la mapumziko, kesho yake tena, na kesho kutwa. Akataka mkebe wangu wa hisabati, wenye bikari na rula, nikampa na nyumbani nikasema nimeupoteza, nikachapwa. Kisha akataka nimletee hereni za mama. Hapo nikashindwa. Jioni ile nilimwambia mama kwamba yule msichana na bibi yake ni wachawi na wamesema wataniua.

Bibi hakuwa amesema lolote. Yule mama mzee hata jina langu hakulijua. Mjukuu hakuwa ametamka neno kuua. Nililiongeza mimi, na bibi nilimwongeza mimi, kwa sababu nilijua kwamba nikimtaja mtoto peke yake mama ataniambia niache upuuzi. Nilitafuta maneno yatakayofanya kazi, na nilikuwa nayajua, kwa kuwa nilikuwa nimeyasikia kwa watu wazima.

Mwezi ule homa ilikuwa imemchukua mtoto mchanga nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mama alimweleza jirani, jirani akamweleza mumewe. Usiku wa Jumamosi watu walivuka reli. Waling'oa mlango, wakamwaga unga, wakavunja vyungu, wakachoma kibanda cha kupikia. Hakuuawa mtu. Wapo wazee wengi katika nchi yetu, hasa kanda ya Ziwa, ambao macho mekundu yamewagharimu roho. Huyu aliondoka na mjukuu wake kabla hakujapambazuka, na sikuwaona tena. Jumatatu dawati letu lilikuwa la watu wawili. Mkebe wangu wa hisabati ulikuwa ndani ya dawati, mzima, bikari imefungwa vizuri kwa uzi.

Hayo yote nilimweleza binti wa kaka yangu filamu ilipokwisha, mvua imekatika, mchana wa Jumapili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuniuliza kwa nini nilisema uongo. Aliniuliza, "Na bibi hakukuuliza umejuaje?" Bibi kwake ni mama yangu mimi.

Hakuuliza. Nimejaribu mara nyingi kuikumbuka jioni ile. Nakumbuka mikono ya mama yenye unga wa ngano, kanga iliyofungwa kiunoni, kiwiko kinachofuta jasho. Nakumbuka mikono ilivyosimama ghafla juu ya kibao nilipotamka neno lile. Uso wake siukumbuki kabisa. Ndiyo maana siku ya kwanza nilipoitazama filamu ya Taboada, na kumwona Flavia anasema na mwanamke asiye na kichwa, mwili ulinisisimka kabla hata sijajua kisa kinakwenda wapi. Mwongozaji yule wa nchi ya mbali, aliyefariki kabla sijajua kama yuko duniani, alikuwa ameiweka kamera pale nilipokuwa nimesimama mimi.

Sinema ya Meksiko imeendelea na mambo haya. Mwaka 2022 Michelle Garza Cervera alitoa Huesera, ya mwanamke mjamzito anayeona kitu ambacho mume na wakwe hawakioni. Humo wanawake wenye kujua mambo ya uchawi ndio wanaomfungulia mlango, huku ndugu zake wakimtilia shaka tu. Ni filamu nzuri, na ningependa kuiandikia siku yake. Lakini ya kuanzia ni hii ya vichimbakazi. Haina damu nyingi, haina kelele, na rangi zake ni za kitabu cha picha cha watoto.

Inachukua kama saa moja na nusu. Itafute yenye maandishi ya tafsiri, na ukiwa na mtoto wa umri wa kuielewa, usimwache aitazame peke yake. Kaa naye upande ambao akigeuka ataona uso wako.